Madogo mnaoanza kurefa gemu za dadu, punguzeni majedwali ya majeraha

Naona kila anayeanza kuendesha hizi gemu za kuigiza za mezani anakuja na wazo lile lile nililokuwa nalo mimi, eti ile gemu maarufu ya Dungeons & Dragons ina uongo mwingi, mtu anakula panga nne bado anatembea, basi anaamua kuandika sheria zake "za ukweli". Nimepita huko wadogo zangu, sikilizeni.

Sisi watu watano hapa Shangani Mtwara tuna kampeni (hadithi moja tunayoicheza wiki baada ya wiki) ya vita ya Majimaji, inaanzia kule Nandete 1905 kwenye kung'oa pamba. Refa, yaani anayesimulia na kuamua sheria, ni mimi. Nikaandika kurasa 11, jedwali la risasi imetua wapi, la damu, la mfupa, mpaka la kidonda kuoza. Dadu ya pande 20 hatuna kwahiyo tunatumia vikaratasi 20 kwenye kopo la maziwa, unatikisa unachomoa. Raundi ya kwanza tu askari wa Mjerumani kafyatua, nachomoa 17, paja la kushoto, haya nenda jedwali la pili, nenda la tatu, rudi la kwanza, jamaa mwenye yule mhusika kashamaliza bakuli zima la korosho (zilikuwa za wote!) ndo ananiuliza, "sasa kaka nimekufa au sijafa?" Dakika 40. Alikuwa amekufa. Wiki iliyofuata hakuja.

Kumbe pointi za uhai, zile namba zinazopungua mhusika akipigwa, sio nyama tu, humo kuna pumzi, kuna kukwepa, kuna bahati, zinampa mchezaji muda wa kuona mambo yameharibika akimbie. Hata zikiisha, toleo la tano la Dungeons linakupa nafasi, unarusha dadu ya 20, 10 kwenda juu umefaulu, ukifaulu tatu umetulia, ukifeli tatu kwaheri. Na usidhani majeraha ya viungo ndo tatizo, RuneQuest ya 1978, gemu nyingine ya aina hii, inayo na watu wanaipenda, ila kule mtu ana nafasi ya kukinga pigo. Mi nilimuua mtu ambaye hakuwa na la kufanya.

Siku hizi bunduki kwangu inaua, tena haraka, unachomoa kikaratasi kimoja basi. Ila kabla ya risasi nawaambia waziwazi, jamani kuna askari sita kwenye ule mwembe, mmesikia? Narudia. Na adui wangu naye anaogopa, akiona wenzake wawili wako chini anatimua, maana hakuna mtu anapigana mpaka pumzi ya mwisho kwa mshahara.

Maji ya Kinjekitile, yale wapiganaji walioamini yatawakinga na risasi, yalitusumbua zaidi. Nikiyapa nguvu ya kuzuia risasi naharibu historia, nikiyafanya si kitu basi hakuna mchezaji atayanywa. Tulichoamua, maji hayagusi risasi hata kidogo, ila aliyekunywa hachomoi kikaratasi cha kuona kama ameingiwa woga. Kwahiyo anayeamini anasimama wima, asiyeamini kalala chini kwenye majani anamvuta mguu mwenzie.

Kingine, kila mtu aje na mhusika wa akiba, jina na kazi yake inatosha.

Yule jamaa wa korosho alirudi. Jumamosi iliyopita walibishana saa nzima, wavamie kambi sasa hivi au wangoje giza, na kopo lilikuwa hapo hapo mezani hakuna aliyeligusa.