Jibu: Chakula cha mchana kwa wageni wenye watoto wadogo

Assalamu alaikum, dada. Umeuliza namna ya kuziandalia familia tatu kutoka Unguja, zenye watoto wadogo, chakula cha mchana hapo Wete bila ya wewe kushinda jikoni. Kwanza waulize wazazi watoto hulala saa ngapi. Mimi niliwahi kupakua baada ya sala ya adhuhuri, nikakuta nusu yao wameshalala na waliobaki wanalia, kwa hiyo siku hizi huwalisha wao saa sita, kabla ya wakubwa. Pika wali wa nazi na mchuzi wa jodari, ambaye minofu yake haina miiba midogo kama ya changu, na pilipili iweke kando pamoja na achari. Tandika majamvi barazani, penye kivuli. Viti vya nini?