Altrasaundi: ni mionzi au ni mwangwi?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito, Morogoro. Akina mama wengi wakiandikiwa altrasaundi husema "naenda kupigwa mionzi", na wengine huingiwa na hofu. Je, neno mionzi ni sahihi hapo?

JIBU: Si sahihi, ndugu muuguzi, na nashukuru umeuliza, maana neno hilo linawatisha watu bure.

Watu wakitaja mionzi hospitalini huwaza eksirei. Hiyo ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, ndiyo maana mjamzito hukingwa nayo. Altrasaundi haina kitu hicho. Ni sauti tu, yaani mtetemo. Sikio letu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine inayopima mimba juu ya tumbo hutoa milioni 2 hadi 5. Kwa hiyo hata tafsiri "sauti ya juu" siiafiki: kwetu sauti ya juu ni ya kelele, na hii haisikiki kabisa.

Neno linalobeba kazi yenyewe ni mwangwi. Ukiita mdomoni mwa kisima, sauti yako hukurudia. Kile kifaa kinachotelezeshwa tumboni kina vipande vinavyotetemeka vikipitishiwa umeme; hutoa sauti kidogo, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mwilini sauti hukimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, basi mwangwi uliorudi baada ya mikrosekunde 130 (yaani sehemu 130 za milioni za sekunde), kwenda na kurudi, umetoka kina cha sentimita 10. Kompyuta hupiga hesabu hiyo kwa kila mwangwi, picha ikajengeka. Maji ya uzazi hayarudishi mwangwi, huonekana meusi. Mfupa hurudisha mwingi, huonekana mweupe. Na ile jeli ya baridi inayowashtua akina mama hufukuza hewa kati ya kifaa na ngozi, kwani hewa ingerudisha karibu sauti yote kabla haijaingia mwilini.

"Altrasaundi" liacheni, limeshazoeleka kama eksirei. Kitenzi "kupiga" nacho hakina kosa: tunapiga picha, tunapiga yowe, na hapa yote mawili yamo. Ninachoomba kiondoke ni "mionzi". Mama akiuliza atafanywa nini, mwambieni: "Tunampelekea mtoto sauti, halafu tunasikiliza mwangwi wake."