Mashindano ya Baiskeli kwa Miaka 60 ya Baba

SWALI: Assalamu alaykum, Bibi. Baba yetu anatimiza miaka 60 mwezi wa Julai. Alisambaza mikate ya boflo kwa baiskeli ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa miaka mingi, na mpaka leo wazee wa Malindi wakimwona humwuliza mikate iko wapi. Sisi wanawe tunataka kumfanyia mashindano ya baiskeli ya kufurahisha papo hapo mjini, kwa watu wapatao 24, wakiwemo dada zetu na wajukuu wakubwa. Mjomba anasema tunatafuta ajali. Je, jambo hili linawezekana, na tulipange vipi?
Binti wa Muuza Boflo, Kikwajuni

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu, na mfikishie baba yako salamu zangu. Jambo lenu linawezekana, lakini hofu ya mjomba wako ina msingi, kwa hiyo nina sharti moja ambalo sitalilegeza: asishinde mwenye mbio.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni njia na ni sebule za watu kwa wakati mmoja. Mzee amekaa barazani na kahawa yake, mtoto anatoka mlangoni bila kutazama, na hamali mwenye mkokoteni anakata kona ambayo hata mwavuli hupita kwa taabu. Miaka kadhaa iliyopita niliwaandalia vijana wa mtaani petu mashindano kama haya, nikaweka zawadi moja tu, ya atakayefika mwanzo. Kijana mmoja alikata kona kwa kasi akakutana uso kwa uso na mama aliyebeba sinia la visheti kichwani. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, lakini visheti vilimwagika mpaka mtaroni, na bado namwona yule mama akiviokota kimoja kimoja na kuvipangusa kwa upindo wa kanga yake, ilhali alijua kuwa haviuziki tena. Tulimwomba radhi tukamlipa. Hata hivyo sikumlaumu kijana, kwa sababu mimi ndiye niliyempa sababu ya kukimbia.

Upo mtindo ulioanzishwa mwaka 1989 mjini Toronto, Kanada, na watu ambao kazi yao ilikuwa kupeleka barua na vifurushi kwa baiskeli, nao unamwelekea baba yako kwa kuwa umezaliwa katika kazi iliyo jirani na yake. Mshindani hachorewi njia. Hupewa karatasi yenye orodha ya vituo, akachagua mwenyewe aanzie wapi na apitie wapi, na katika kila kituo hutimiza kazi ndogo au hugongewa muhuri. Anayeujua mji humpita mwenye nguvu za miguu. Wenzetu huko hukimbizana barabarani, na hilo msiliige. Chukueni karatasi na vituo, mwendo muuache.

Vituo sita vinatosha, na ningependa kila kituo kiwe mtu kabla ya kuwa mahali: mteja wake wa zamani wa Malindi, rafiki yake wa baraza ya Shangani, jirani aliyehamia Vuga. Kila mmoja awe na swali moja kuhusu baba yenu na jingine kuhusu mji. Pale Darajani, kwa mfano, waulizwe daraja lenyewe liko wapi, na mtoto atakayejibu kwamba palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo, ukaja kufukiwa ukawa barabara, apewe pointi zake zote. Forodhani waulizwe jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka gani na kwa amri ya nani, nayo ni 1883, kwa amri ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Swali hilo liulizwe upande wa bahari, mbali na jengo, kwa sababu sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na si mahali pa kukusanya watoto.

Wapangeni wawili wawili, mkubwa na mdogo, mpate jozi 12, na kila jozi ifunge kwenye karia pakacha lenye boflo mbili ambazo lazima zifike zikiwa nzima. Mwenye mikate nyuma huendesha kwa adabu bila ya kukumbushwa. Kila jibu sahihi liwe pointi 10, boflo iliyovunjika iondoe 10, na atakayeonekana amepanda baiskeli kichochoroni badala ya kushuka na kuikokota aondolewe 20. Anayerudi mapema asiongezewe chochote. Waachieni jozi moja kila baada ya dakika mbili wasisongamane, na wapande katika barabara za pembeni tu, kama Mizingani na Barabara ya Creek, wakishika kushoto.

Ruhusa iombwe mapema. Nendeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, wa kila shehia mtakayopita, si wa Kikwajuni peke yake, kisha polisi wa usalama barabarani waelezwe siku, saa na njia.

Dada zako washiriki, bila ya shaka, ila suala la mavazi lisipuuzwe, kwa sababu upindo wa buibui ukiingia kwenye mnyororo humwangusha mtu kabla hajatambua kilichomshika. Wavae suruali pana chini, nguo ya juu waifupishe na kuifunga upande wa kushoto, maana mnyororo uko kulia, na wachague baiskeli zenye kifuniko cha mnyororo. Siku moja kabla, fundi azikague zote breki, tairi na kengele, na isiyo na breki mbili nzima ibaki nyumbani hata kama mwenyewe atalia.

Julai mvua za masika zimekwisha na kusi hupunguza joto. Chagueni Jumapili, muanze baada ya sala ya Alasiri, na kila mtu awe amerudi kabla ya Magharibi, kwani jioni Forodhani hujaa meza za vyakula na wageni, nanyi hamna haki ya kuwasumbua wanaotafuta riziki.

Baba yenu msimweke kitini kungoja kupongezwa. Mwacheni aondoke wa mwisho, taratibu, kwa baiskeli yake mwenyewe kama bado ipo, apite vituo vyote sita na kumpa kila msimamizi boflo kwa mkono wake kama zamani, na wasimamizi wasiondoke mpaka awafikie. Kwa hiyo fundi akija, aanze na baiskeli ya baba.