Pensheni ya Uingereza: ukirudi nyumbani inaganda

Nimefanya unesi Leeds miaka 22, nikistaafu nataka kurudi Mombasa. Pensheni itanifuata?

Itakufuata, nazungumzia pensheni ya serikali (State Pension), si ya mwajiri. Miaka 10 ya michango inakupa haki, 35 ndo inakupa yote. Lakini dada yangu, swali umeuliza nusu, ulitakiwa uulize kama itapanda, na ukiwa Kenya au Tanzania haipandi hata senti. Kiwango utakachokuwa nacho ukihama ndo hicho hicho mpaka kaburini. Aliyestaafu 2016 akarudi Mombasa mwaka huo huo na pensheni kamili alianza na pauni 155.65 kwa wiki na bado anapata hizo hizo, wakati mwenzake aliyebaki Leeds kwa 2025/26 alilipwa 230.25. Ukiishi Marekani, Ufilipino au hata Mauritius inapanda kila mwaka kwa sababu kuna mkataba. Jamani, michango si ilikatwa sawasawa? Nani alikatwa kidogo kwa vile atarudi Kisauni? Annette Carson, mstaafu aliyehamia Afrika Kusini, na wenzake waliipeleka kesi hii mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, 2010 wakashindwa. Kwangu mimi hii ni dhuluma na sitaacha kusema, ila wewe panga mapema, weka akiba ya pembeni na usianze kujenga ghorofa kwa kutegemea nyongeza ambayo haiji.

Nikienda kumsalimia mjukuu London wataniongezea?

Ndio, kwa siku utakazokuwa kule tu, na mpaka uwaambie mwenyewe ofisi ya pensheni ya Uingereza. Ukirudi, nayo inarudi chini.

Mume wangu Mwingereza amefariki, tunaishi Malindi, nina miaka 54. Nasikia mjane anapewa pauni 3,500 na 350 kila mwezi?

Pole sana mama. Hizo ni za mwenye watoto wadogo, asiye nao ni 2,500 na 100 kwa mwezi, miezi 18. Lakini siku anafariki lazima uwe unaishi Uingereza au nchi ambayo Uingereza inakubali kulipa wafiwa wake, na Kenya haimo. Sitaki kukupa matumaini ya uongo. Na akija mtu anasema atakupitishia faili umpe ada kidogo, huyo ni tapeli, wajane wanaliwa sana hapa. Kama mlioana kabla ya 6 Aprili 2016, ukifika umri wa pensheni iandikie ofisi ya pensheni uulize kama kuna sehemu ya pensheni yake ya ziada unayorithi.

Baba amefariki, pensheni bado inaingia benki. Tumalize arobaini kwanza ndo tutoe taarifa?

Hapana! Nimeshaandika hili mara ngapi? Toeni taarifa sasa hivi, hela iliyoingia baada ya kifo si yenu, wataidai na mtakuwa mmeshailia pilau. Kuna ile fomu ya kuthibitisha mtu yuko hai, wanaituma kwa posta na isiporudi ndani ya wiki 16 malipo yanasimama. Na hapo wanaumia hata walio hai. Mzee mmoja wa Likoni alinijia na bahasha imekunjamana, imekaa kwenye sanduku la posta la shemeji yake miezi mitano, pensheni imeshakatwa na yeye anakopa dawa za presha dukani. Ilibidi tutafute daktari wa kusaini, maana ndugu haruhusiwi kuwa shahidi. Mwenye mzazi anayelipwa kutoka kule akakague hilo sanduku kesho asubuhi.