Usihesabu tangu siku mliyogombana

Umeniandikia ukiuliza kama kusitasita ni udhaifu wa tabia, busara au ugonjwa; swali hilo linaweza kungoja. Katikati ya maelezo yako umepenyeza sentensi iliyonishtua: kwamba miaka kumi na moja imepita tangu mama yenu afariki, kaka yako amejenga kwenye kiwanja cha marehemu, na wewe bado hujaamua kama umshtaki au umwachie Mungu. Ndugu yangu, mimi nilipita hapohapo, nikatoka mikono mitupu.

Baba yangu alifariki mwaka 2004, akaacha shamba la michungwa la ekari tatu Muheza alilolihudumia mwenyewe hadi mwisho. Mwaka 2006 niliteuliwa msimamizi wa mirathi, na mwaka huohuo baba mdogo akaingia shambani akaanza kuvuna kana kwamba ni mali yake. Nikasita. Nikimshtaki, nitazikwa na nani? Nikinyamaza, wadogo zangu watapata nini? Kila likizo nilikwenda nimeazimia kusema, nikarudi Dar es Salaam na gunia la machungwa alilonifungia yeye, machungwa ya baba yangu, huku barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama ikiendelea kukaa ndani ya bahasha chini ya sanduku la nguo. Wazee husema njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi alivutwa na tamaa ya nyama huku na huku; mimi nilizuiwa na hofu ya hasara pande zote mbili, na hofu ya namna hiyo haimpasui mtu, humkalisha tu mpaka jua linazama.

Aliyenimaliza kabisa ni mtu wa mtaani kwetu aliyejipatia sifa ya kujua sheria kwa kuwaandikia watu barua. Aliniambia kwamba ardhi ya urithi haiozi, na kwamba hata nikichelewa miaka ishirini haki yangu itanisubiri. Sijamsamehe hadi leo, kwa sababu aliyasema hayo bila chembe ya shaka, na mtu anayesitasita humwamini upesi yeyote anayempa ruhusa ya kuendelea kusita.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Nilipofungua shauri mwaka 2017, nilikuwa nimehesabu tangu 2006, siku za ugomvi, nikaamini nina akiba ya mwaka mzima. Kumbe marehemu akifa akiwa bado anaimiliki na kuitumia ardhi yake, hesabu huanza siku ya kifo. Wakili wa baba mdogo aliweka pingamizi la awali, kwamba muda umeshapita, na mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba akaniuliza swali moja tu: baba yako alifariki lini? Nikajibu, na shauri likatupwa. Mzee aliyepanda michungwa ile pamoja na baba alikuwa amekaa nje kwenye benchi, kanzu imepigwa pasi, akingoja kuitwa kutoa ushahidi, hakuitwa. Hata wakili yule angenyamaza, sheria inalitaka baraza lenyewe litupe dai lililopitwa na muda, na vikao vyote vya ukoo tulivyokaa havikusimamisha hesabu hiyo hata kwa siku moja.

Kwa hiyo, kuhusu swali lako la kusitasita: kusita mara moja ni kutua ili uone njia, na subira huwa na kitu kinachosubiriwa. Ukiahirisha uamuzi, andika kwenye karatasi ni habari gani unayoingoja na siku ya mwisho ya kuingoja. Mimi nisingeweza kujaza hata mstari wa kwanza, maana yote niliyohitaji kuyajua niliyajua tangu 2006.

Chukua cheti cha kifo, kipeleke kwa wakili aliyesajiliwa wiki hii hii, hata kama moyo bado haujatulia kuhusu kaka yako. Mama alifariki tarehe ngapi?