Paka Mchanga Hufa kwa Baridi Kabla ya Njaa

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Dodoma huwa na baridi ambayo mgeni aliyezoea kusikia habari za ukame wetu haitarajii. Mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi hiyo anga huwa halina mawingu, upepo hauna kizuizi, na joto lote la mchana huondoka mara jua linapozama. Katika miezi hiyo ndipo mimi huletewa watoto wa paka waliookotwa nyuma ya maduka, kwenye mitaro na kwenye nyumba ambazo ujenzi wake haujakwisha, na karibu kila anayewaleta huuliza swali moja: nimpe maziwa gani? Swali si baya, ila limewahi. Nimewalea wa kutosha kusema bila kusita kwamba, kwa paka ambaye bado ananyonya, maziwa ni jambo la pili. La kwanza ni joto.

Paka mwenye umri wa chini ya majuma mawili hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hana mafuta ya kutosha mwilini, na katika siku za mwanzo hana hata uwezo wa kutetemeka. Joto lake lote hulipata kwenye tumbo la mama na kwa ndugu zake wanaolaliana. Joto la mwili wake katika juma la kwanza huwa kati ya nyuzi 35 na 37, chini kidogo ya la paka mkubwa. Likishuka kukaribia nyuzi 34, utumbo husimama kufanya kazi, maziwa yakiingia hayasagwi bali hukaa tumboni yakichacha, na uwezo wa kunyonya na kumeza vizuri hupotea, kwa hiyo sehemu ya maziwa hayo huishia kwenye mapafu. Watu wengi husema paka wao alikufa ingawa alikuwa amekunywa. Mara nyingi alikufa kwa sababu alinyweshwa akiwa wa baridi.

Kupima si kazi ngumu hata kama huna kipimajoto. Ingiza ncha ya kidole kisafi mdomoni mwake: ukihisi ubaridi badala ya uvuguvugu, huyo si wa kunyweshwa bado. Kijana mmoja wa mtaa wa Majengo alinijia akiwa na paka ndani ya mfuko wa shati na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Shikamoo mama. Huyu amekataa kunywa tangu asubuhi."

"Marahaba mwanangu. Hajakataa, hawezi. Mwingize kifuani, ndani ya koti, maziwa yaweke pembeni."

Kifua cha mtu ndicho chombo bora cha kuanzia, kwa kuwa hakiunguzi. Mfunge kwa kanga au kipande cha blanketi, agusane na ngozi yako, na umpe muda wa saa moja hadi tatu apate joto polepole, kwa sababu kumpasha kwa haraka nako huweza kumuua. Akiwa amelegea kabisa, unaweza kumpaka tone la maji yenye glukosi au sukari kwenye fizi wakati unasubiri. Tone tu, si kijiko.

Baada ya hapo anahitaji kitanda chenye joto linalodumu. Katika juma la kwanza mahali anapolala panapaswa kuwa na nyuzi kati ya 29 na 32, kisha unapunguza kidogo kidogo kila juma. Mimi hutumia boksi la karatasi lenye kuta ndefu za kuzuia upepo, kitambaa chini, na chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto kisha ikavikwa soksi nene, ikiwekwa upande mmoja tu wa boksi ili paka akizidiwa na joto aweze kujikokota kwenda upande mwingine. Chupa hiyo hubadilishwa kila inapopoa, pamoja na usiku wa manane. Wapo wanaoning'iniza balbu juu ya boksi, na zamani ilifaa, lakini balbu nyingi za siku hizi hutoa mwanga bila joto lolote la maana. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, kwa ajili ya paka na kwa ajili yako wewe, maana hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, jiulize kama kweli ameachwa. Paka jike anayenyonyesha hulazimika kwenda kutafuta chakula, na anapohisi hatari huwahamisha watoto mmoja mmoja, hivyo yule unayemwona peke yake huenda ndiye wa zamu inayofuata. Ikiwa watoto wamelala kimya, matumbo yamejaa na mahali pana usalama, rudi nyuma, uangalie kwa mbali kwa saa chache. Ukishindwa kukaa, nyunyiza unga kidogo kuzunguka mahali walipo, nawe utakaporudi utaona nyayo kama mama alipita. Si kweli kwamba atawakataa eti kwa sababu mkono wa mtu umewagusa. Lishe ya mama huyo, nyama au dagaa waliolowekwa kuondoa chumvi na maji safi karibu naye, itawafaa watoto kuliko chochote utakachowapa kwa mkono wako, kwa sababu maziwa yake ya saa za mwanzo ndiyo yenye kinga ya magonjwa ambayo hakuna maziwa ya unga ya dukani yanayoweza kuileta. Ugali mtupu haumtoshi. Mwangalie pia chuchu: moja ikiwa nyekundu, ngumu na ya moto, anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, vinginevyo atawakimbia watoto kwa sababu ya maumivu.

Sasa maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana protini takribani nusu ya ile iliyo katika maziwa ya paka, na ukilinganisha na nguvu yanayotoa, sukari yake ya asili ni nyingi mno kwa utumbo huo mdogo, ndiyo maana wengi huharisha. Ya mbuzi, ambayo huku kwetu hayakosekani, hayapishani nayo sana. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Dodoma hayapatikani kila duka la dawa za mifugo, na wengi wetu huyaagiza Dar es Salaam yakaja kwa basi. Wakati unasubiri mzigo, kwa siku moja au mbili tu, unaweza kutumia glasi ya mililita 250 ya maziwa halisi yaliyochemshwa na kupoa, viini viwili vya mayai bila ute wake, na kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, ukachanganya vizuri na kuhifadhi kwenye jokofu, na kumwaga kinachobaki baada ya saa 24. Uji wa aina yoyote, hata ule mwepesi wa mtoto mchanga wa binadamu, usimpe.

Kiasi hutegemea uzito. Paka wa gramu 100 ana tumbo linalobeba takribani mililita 4 kwa mara moja, na kwa siku nzima anahitaji karibu mililita 20. Kwa hiyo katika juma la kwanza ananyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na katika juma la pili kila baada ya saa tatu au nne. Asiye tayari kuamka usiku ni afadhali amtafute mwenzake wa kupokezana mapema, kuliko kugundua hilo alfajiri. Maziwa yawe ya uvuguvugu, kama nyuzi 37 au 38. Paka alale kifudifudi, kichwa kikiinuka kidogo, vile vile ambavyo angelala chini ya mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu anayepewa chupa, atapaliwa, na maziwa yakishaingia kwenye mapafu nimonia hufuata. Bomba la sindano la mililita 1 au 2, bila sindano yake, linafaa ikiwa utasukuma tone kwa tone na kumngoja ameze. Maziwa yakitokea puani, acha mara moja na umwinamishe kichwa.

Kuna kazi ambayo wageni wa malezi haya huisahau kwa kuwa hakuna anayewaambia: hadi afikishe majuma kama matatu, paka mchanga hawezi kukojoa wala kujisaidia bila kusaidiwa. Mama humlamba. Wewe chukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, umpapase taratibu sehemu za haja kila anapomaliza kunywa, mpaka mkojo utoke. Mkojo wa paka mchanga mwenye afya huwa karibu hauna rangi. Ukiwa wa njano iliyokolea, ana upungufu wa maji, na hapo mchanganyiko wa ORS uliokorogwa kama pakiti inavyoelekeza unaweza kuchukua nafasi ya mlo mmoja wa maziwa.

Kitu kimoja ninachomshauri kila mtu anunue, hata kama bajeti ni ndogo, ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Paka huzaliwa akiwa na gramu 100 hivi, huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku, na kufikia juma la pili uzito wake huwa umekuwa maradufu. Mpime kila siku saa ile ile na uandike. Macho yetu hudanganyika kwa manyoya na kwa tumbo lililojaa maziwa, lakini uzito uliosimama kwa siku moja, au ulioshuka, ni dalili inayotangulia kilio, kuharisha na kulegea. Ukienda kwa daktari na daftari hilo, naye atakupa kipimo cha dawa bila kubahatisha.

Kuhusu umri, kitovu hukauka na kudondoka ndani ya siku chache, macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, meno ya mbele huchomoza kati ya juma la pili na la tatu. Kope zikivimba kabla ya macho kufunguka, ndani kuna usaha, na hilo haliwezi kungoja; kwa matongotongo ya kawaida, ambayo vumbi letu la Julai hadi Septemba huyazidisha, futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka pembe ya ndani kwenda nje, pamba mpya kwa kila jicho. Dawa ya macho iliyobaki ndani ya nyumba isitumike, kwani baadhi zina viambato vya steroidi vinavyoweza kuliharibu jicho lenye kidonda.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye suala la viroboto, kwa sababu Kanda ya Kati ni nchi ya wafugaji na dawa za mifugo ziko karibu na kila mtu. Viroboto wengi wanaweza kummaliza paka mdogo damu. Mfunue mdomo, na fizi zikiwa nyeupe badala ya waridi, hali ni mbaya. Lakini dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbuzi, ile inayopimwa kwenye ndoo au kutiwa kwenye josho, ni sumu kwake. Nyingi zina saipamethrini au amitrazi. Ini la paka, hata aliyekomaa, haliwezi kuzivunja kemikali za kundi la saipamethrini na pamethrini, naye hutetemeka, hupata degedege na kufa. Unga wa viroboto wa mbwa una hatari hiyo hiyo mara nyingi, na aivamektini ya sindano ya ng'ombe ikikisiwa kwa macho humzidi kwa urahisi. Muuzaji akikuambia "weka kidogo tu", mshukuru na uondoke. Mwoshe mwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukianza kupaka povu shingoni ili viroboto wasikimbilie usoni, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, kisha mkaushe kabisa na umrudishe kwenye joto. Vivyo hivyo kwa maumivu na homa: parasetamoli humuua paka, hata robo ya kidonge.

Minyoo ya mviringo hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo tumbo kubwa juu ya mwili uliokonda si dalili ya shibe. Dawa ya pairanteli huanza kutolewa akiwa na majuma mawili na kurudiwa kila baada ya majuma mawili, kwa kipimo cha daktari. Chanjo za magonjwa ya paka huanza kati ya juma la sita na la nane, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida katika miezi mitatu. Ugonjwa huo bado upo Tanzania na paka pia huupata, na kila mwaka karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizia kwa afisa mifugo wa kata kama kuna kampeni ya chanjo. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka usiyemjua asili yake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo. Mjamzito asishughulike na kinyesi cha paka; mtu mwingine akiondoe kila siku.

Wapo watakaokufa ingawa umefanya kila kitu, hasa waliokosa maziwa ya kwanza ya mama, na nisingependa mtu ajilaumu kwa hilo. Wanaovuka juma la nne huanza kula chakula laini kilichochanganywa na maziwa yao, na katika juma la nane wanaweza kwenda kwenye nyumba mpya, ambako wengi hupokelewa kwa furaha kwa sababu ya panya wa ghalani. Ninapomkabidhi jike, humwambia anayempokea kwamba anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na kwamba azungumze na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi kabla ya umri huo kufika.