Rimu za spoti za Corolla 110

Kaka, nimekuelewa: rimu zako za inchi 14 zimechubuka na umeona za mtumba za inchi 15. Mimi ningekarabati hizo hizo. Kwanza fundi tairi azizungushe kwenye mashine ya balansi aone kama zimepinda. Kisha msasa, praima, rangi, vanishi. Yenye ufa usikubali ichomelewe, hata fundi akikuapia.

Ukikomalia za 15, ziwe 4x100 (matundu manne ya bolti kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), tairi 185/55 badala ya 175/65 (upana kwa milimita, kisha kimo cha ubavu kama asilimia ya upana), ili kimo cha gurudumu kisibadilike sana na spidimita isidanganye. Tundu la kati likizidi milimita 54.1, weka ringi ya kujaza pengo hilo, la sivyo usukani unaweza kutetemeka.

Na nati! Aloi (hizo rimu za spoti) nyingi za Toyota wenyewe hutumia nati yenye washa bapa. Za kampuni nyingine kwa kawaida hutaka ya koni. Ukichanganya, gurudumu linaweza kuchomoka.